Safari Kumi za Mwisho za Kadi ya Baba

Jumanne, 3 Juni

Dada ametugawia vitu vya Baba. Yaani amejigawia. Yeye: saa ya ukutani, redio, kabati na cherehani ya marehemu Mama. Mimi: mfuko wa plastiki. Ndani yake miwani, mkanda, kitana kilichokosa meno mawili, na kadi ya basi ya wazee iliyopasuka katikati. Hiyo ndiyo heshima ya mtoto wa kiume wa pekee!

Nikaupokea mfuko. Ningesimamia wapi? Miaka minne sikuikanyaga nyumba ile. Sababu wanaijua. Siku ya harusi ya binti wa Dada, mbele ya wakwe, Baba aliniita panya wa stoo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaapa sirudi mpaka aniombe radhi. Nikangoja. Nadhani naye alikuwa akingoja yake. Tarehe kumi na nne Mei akafariki usingizini.

Nilipokuwa nafunga mfuko Dada akaropoka jambo. Kumbe mwaka mzima huu, kila Alhamisi mchana, Baba alikuwa akioga, anavaa shati lake jeupe, anapanda basi na kurudi magharibi. Hakusema anakokwenda. Dada alipomuuliza, alimjibu kwamba mtu mzima haulizwi.

Shati jeupe! Kila Alhamisi! Miaka sabini na minane!

Kuna mwanamke. Au kuna kiwanja. Au kuna mwanamke juu ya kiwanja.

Dada hajaunganisha mambo. Mimi nimeyaunganisha kabla sijafika kona ya mtaa.

Jumatano, 4 Juni

Kadi ya basi inatunza safari kumi za mwisho. Nilisoma mahali. Na simu ya mke wangu inasoma kadi ukiigusisha mgongoni mwake. Nikaigusisha ya Baba. Kimya. Nikaigeuza. Kimya. Nikajaribu kadi yangu ya kazini, simu ikalia mara moja na kuonyesha namba yangu yote bila aibu. Ya Baba ikabaki kimya, kama mwenyewe alivyokuwa. Mke wangu akasema kama nataka habari za Baba nimpigie Dada. Wanawake hawaelewi mambo ya siri.

Kazini hakuna jipya. Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha rangi, mwaka wa tisa sasa. Mwenzangu mezani ni yule tunayemwita Saa Kamili. Anaingia dakika ileile kila siku na kutoka kengele ya saa kumi na moja inapolia, si kabla si baada. Picha yake ya mfanyakazi bora iko ukutani, inanitazama nikila.

Mimi nina utaratibu wangu. Asubuhi naingia lango kuu, nagusisha kadi, mashine inaniandika. Saa tisa na dakika tano natokea mlango wa nyuma, ule wa mapipa ya taka. Mlango ule unafunguliwa na kadi ya mfanyausafi tu, mama mmoja tunayemwita Shangazi. Nami ninayo nakala. Nilinunua kifaa cha buluu, ukubwa wa stepla, nikakaa nyuma ya Shangazi kwenye foleni ya chai, kadi yake ikining'inia kiunoni. Kikalia mlio mmoja. Shangazi akaniambia nipokee simu yangu. Nikaipokea!

Miaka miwili sasa. Hakuna aliyewahi kujua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempata fundi. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, kina upana wa mlango na nusu. Mama mtu mzima, miwani mbili, moja machoni nyingine kwenye paji la uso. Wanamwita Mama Chipu. Nilimwambia kadi ni yangu. Akatazama neno "mzee" lililoandikwa juu yake, akanitazama mimi, akaipokea. Nimeumia kidogo.

Akaiinua kwenye mwanga. Akaeleza kwamba ndani ya plastiki kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa pembezoni, na chipu ndogo kama punje ya mchele. Waya ndio unaoipa chipu nguvu na sauti. Ufa umekata waya. Chipu yenyewe huenda ni nzima, ila imekuwa bubu.

Nikamuuliza kama ndani kuna siri, neno la kuingilia na kadhalika. Akacheka mpaka miwani ya paji ikamshukia. Kadi hizi za zamani, akasema, zina kufuli, lakini ufunguo wake ni uleule zilizotoka nao kiwandani. Hakuna aliyejisumbua kuubadilisha. Kila fundi anao.

Na kadi za milango? Nikauliza, kijuujuu tu.

Hizo hata kufuli hazina, akasema. Zinamtajia jina kila anayeziuliza.

Baba alikuwa fundi makufuli maisha yake yote. Angetapika.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Meneja ametuita wote ukumbini. Mapipa mawili ya rangi ya nje yamepotea wiki iliyopita, kwa hiyo wamekagua rekodi za milango. Rekodi zinasema Shangazi hutoka mlango wa taka kila siku saa tisa na dakika tano. Kila siku! Miaka miwili!

Shangazi akasimama na ufagio mkononi. Akaapa kwamba saa tisa huwa anapiga deki ghorofa ya pili. Meneja akamwambia kwa upole kabisa kwamba binadamu husahau, lakini mashine haidanganyi. Jumatatu akabidhi kadi, akae nyumbani mpaka kikao cha Ijumaa ijayo.

Mimi sikuchukua rangi yoyote. Naandika hapa wazi. Sijui mapipa yako wapi. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, kosa la Shangazi na kosa langu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nilitazama viatu vyangu muda wote. Nilipoinua kichwa Saa Kamili alikuwa ananitazama.

Leo nimekaa mpaka saa kumi na moja, nikajificha chooni watu walipokuwa wanatoka, kisha nikapita mlango wa taka kwa mazoea. Mkono ulijiendea wenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Mama Chipu ameilaza kadi ya Baba kwenye kibakuli cha dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nilikaa kwenye kigoda nikaitazama. Plastiki ikalegea, ikakunjamana, ikatoa matabaka. Picha ya Baba ikatoka juu kama ngozi ya maziwa. Jicho moja, shavu, kola ya shati. Kisha haikuwa picha tena.

Nikamwambia Mama Chipu dawa ile ni kali, inawasha macho. Akanipa kitambaa.

Jumatatu, 9 Juni

Shangazi amekabidhi kadi. Meneja ameifungia kwenye droo yake. Shangazi aliniaga kwa mkono, akaniomba nimwagilie maua yake ya dirishani kwa sababu mimi, eti, ni mtu wa imani.

Nimeyamwagilia. Mara mbili.

Baada ya kazi, kwa Mama Chipu. Ameunganisha chipu na waya mpya, kazi ya mikono ya ajabu, chini ya kioo cha kukuzia. Akaiweka juu ya kifaa chake cha kusomea kadi. Taa ya kijani! Baba amesema!

Safari kumi. Nimezinakili hapa kama zilivyo. Tarehe kumi Aprili, kumi na saba, ishirini na nne, mosi Mei, nane Mei. Alhamisi zote. Kila mara kituo namba 41 kwenda namba 118, ambako aligusisha kadi kushuka saa kumi na dakika ishirini. Kila mara akapanda tena hapohapo saa kumi na moja na nusu. Isipokuwa tarehe mosi Mei: alipanda kurudi saa kumi na mbili na dakika kumi.

Kituo 41 lazima kiwe kile cha mbele ya nyumba ya Baba. Na 118? Mama Chipu hajui. Namba, alisema, zimeandikwa kwenye vibati nyuma ya nguzo za vituo, hakuna anayezisoma isipokuwa mashine.

Zaidi ya saa nzima kila juma. Na tarehe mosi akakaa zaidi. Siku ya mapumziko, bila shaka mwanamke alikuwa na nafasi. Kesho namjua.

Jumanne, 10 Juni

Nilimwambia Meneja nina jino. Akaniruhusu kutoka saa nane, lango kuu. Mlinzi akaniuliza kama mimi ni mgeni na nimemtembelea nani. Miaka tisa!

Nikaenda kwa miguu mpaka kituo 41, nikapanda basi, nikakaa dirishani upande wa nguzo. Kila kituo nilichungulia nyuma ya nguzo kama mtu aliyepoteza mbuzi. 52. 67. 80. Namba hazifuatani, zinarukaruka. Dereva akaniuliza kwenye kioo kama naumwa shingo. Nikapitiliza mpaka mwisho wa njia. Nikarudi na basi jingine. Saa kumi na nusu, nikiwa nimechoka hoi, nikaiona: 118, kibati chenye kutu nusu nzima. Nikaruka chini.

Benchi la zege. Pipa la taka. Na mbele yangu, ng'ambo ya barabara, lango kuu la kiwanda cha rangi.

Nikafikiri nimekosea. Nikazunguka nguzo mara tatu. 118.

Mimi asubuhi naja kwa miguu kutoka upande wa soko, naingia langoni kichwa chini. Jioni natokea nyuma. Benchi lile sijawahi hata kulikalia.

Nikalikalia. Kengele ikalia. Watu wakatoka kwa mafungu. Wa mwisho wa fungu la kwanza alikuwa Saa Kamili na begi lake. Akaniona. Akasimama kidogo, akavuka barabara, akaketi kando yangu bila kuombwa.

"Umejua," akasema.

"Nimejua nini?"

"Kwamba mzee alikuwa anakaa hapa."

Nikamuuliza alimjuaje baba yangu.

"Aliniuliza kama nafanya kazi stoo. Mwaka jana huo. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama namfahamu mtu mmoja wa stoo, mrefu, ana kiburi." Akanitazama. "Nikamwambia namfahamu."

"Alitaka nini?"

"Kukuona ukitoka. Basi. Alisema hataki kukuita, atakutazama tu ukitoka, akikuona uso umetulia atakuja kukusalimia. Kila Alhamisi akakaa. Nawe hutoki."

Basi likaja, likaondoka.

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, ndugu yangu? Kwamba mwanao anatorokea kwenye mapipa saa tisa? Nilimwambia una kazi nyingi. Nikamwambia stoo nzima inakutegemea wewe, unatoka wa mwisho. Akafurahi. Akasema, mtoto yule nilimwonea."

Ndivyo alivyosema Baba. Nimeyaandika maneno yenyewe, sikuyatia chumvi. Mtoto yule nilimwonea. Miaka minne niliyasubiri maneno hayo, na alikuja kuyasema mita thelathini kutoka mezani kwangu, kwa mtu mwingine, kwa sababu ya uongo.

Tarehe mosi Mei kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mzee hakujua. Alikaa akitazama lango lililofungwa mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi.

Jumatano, 11 Juni

Sikula. Mke wangu alidhani ni jino kweli, akanipikia uji.

Saa Kamili alinifuata stoo, kati ya rafu za vanishi. Kumbe zamani alijua. Si kwamba aliniona na nakala, ila Shangazi hawezi kuwa ghorofa ya pili na kwenye mapipa kwa wakati mmoja, na mimi ndiye ambaye saa tisa hayupo popote. Alisema Shangazi ana mama mgonjwa wa kuuguza. Alisema nimwone Meneja mwenyewe kabla ya kikao.

"Mzee nilimdanganya kwa ajili yako," akasema. "Yule alikuwa mzee. Meneja sitamdanganya."

Nikamwambia nitakwenda. Nilikusudia. Nilifika hadi mlangoni kwa Meneja. Katibu wake akaniuliza shida yangu nini, nikamwambia nimekuja kuomba kalamu.

Nina kalamu kumi na mbili mpya.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ni Alhamisi. Nilitaka kukaa pale kwa saa yake. Saa kumi na dakika ishirini, si baadaye. Jino moja haling'olewi mara mbili, ruhusa isingepatikana. Saa kumi kamili nikajikuta kwenye mapipa. Nakala ikalia, mlango ukafunguka, nikazunguka ukuta mzima wa kiwanda mpaka kituoni. Nilifika kwa wakati. Kwa mara ya kwanza maishani nimefika mahali kwa wakati.

Nikakaa kama alivyokaa. Mikono juu ya magoti. Lango ni la bati la kijani, lina mkwaruzo mrefu katikati. Lori likaingia. Paka akatoka. Baada ya hapo hakuna kitu, na hakuna kitu, na hakuna kitu. Dakika arobaini ni ndefu sana ukitazama bati. Kengele ikalia. Nilijikuta nachungulia kila uso unaotoka. Nilikuwa namtafuta nani? Watu wa stoo walikwisha. Mlinzi akafunga lango. Nilitaka kumwambia asubiri, bado mmoja.

Saa Kamili alipita. Leo hakuketi. Aliniuliza nimetokaje kabla ya kengele. Nikasema jino. Akatazama saa yake, akaenda zake.

Moyoni mwangu nilikuwa nimeamua: kesho nitasema kila kitu.

Ijumaa, 13 Juni

Kikao. Shangazi amevaa gauni la heshima na viatu vinavyombana. Meneja akasoma rekodi za miaka miwili, ukurasa kwa ukurasa. Nikavuta pumzi ili nisimame. Kabla sijasimama Saa Kamili akanyoosha mkono, akaomba kwa adabu rekodi za wiki hii zisomwe pia.

Meneja akafungua. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti: jana, Alhamisi, saa kumi kamili, kadi ya Shangazi imefungua mlango wa taka.

Kadi ya Shangazi ilikuwa kwenye droo ya Meneja. Ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwa Meneja.

Ukumbi mzima kelele! Shangazi akakaa chini akafunika uso. Meneja akamwomba radhi mbele ya watu wote, mara moja, bila kungoja miaka minne. Halafu akauliza ni nani basi aliyenakili kadi.

Hapo ndipo palikuwa pangu. Saa Kamili akanitazama. Hakunyoosha kidole. Alinipa nafasi, naelewa hivyo sasa. Nikasimama. Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba huu ni udhaifu mkubwa wa mfumo, kwamba kadi za aina hii zinamtajia jina kila anayeziuliza, na kwamba kiwanda kinahitaji kadi za kisasa zenye siri.

Makofi. Meneja akasema hakujua kwamba nina ujuzi huo. Nimewekwa kwenye kamati ya usalama.

Nje, Saa Kamili aliniambia maneno mawili tu: "Ulikuwa nayo." Nadhani alimaanisha nafasi. Tangu hapo hajanisemesha.

Jumapili, 15 Juni

Dada amekuja. Alikuwa anafua shati jeupe la Baba, akakuta mfukoni karatasi yenye jina la kiwanda chetu na maneno "stoo, saa kumi na moja". Akaniuliza kwa sauti ndogo kama najua lolote.

Ningeweza kumwambia. Alikuwa ameketi pale, macho yamevimba, shati limekunjwa mapajani.

"Dada," nikasema, "tulikuwa tunaonana."

Sijui lilitoka wapi. Nikaendelea. Kila Alhamisi, nikasema, mimi na Baba, kwenye benchi mbele ya kazini. Tulishapatana. Tuliifanya siri ili tumshtukize yeye. Nikamwonyesha zile safari kumi, tarehe na saa, kama ushahidi. Hata tarehe mosi, nikasema, siku ya mapumziko, tulizungumza mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi.

Dada akalia. Akanikumbatia. Akasema tangu msiba alikuwa hapati usingizi, akifikiri mzee alikufa na kinyongo. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe wewe una moyo." Akanipa saa ya ukutani. Alikuja nayo kwenye mkoba, kama vile alijua.

Iko ukutani sasa. Inagonga sana.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alhamisi zote hizo mimi nilikuwa nyumbani saa tisa na nusu, naoga. Aliweka chai mbele ya Dada, yangu akarudi nayo jikoni.

Jumatatu, 16 Juni

Matatizo!

Dada amepiga simu asubuhi. Alhamisi hii anataka kuja kukaa nami kwenye benchi la Baba. Kwa saa ileile, saa kumi na dakika ishirini, kama nilivyozoea kukaa naye. Atakuja na shati. Tena anataka kumshukuru mwenzangu yeyote aliyewahi kumsalimia mzee, kama yupo.

Yupo! Anatoka kengele ikilia, na benchi linatazamana na lango!

Kwa hiyo lazima niwe nimeshamwondoa Dada pale kabla ya saa kumi na moja, na kwa hiyo lazima niwe pale saa kumi na dakika ishirini, na kadi mpya zimegawiwa leo. Nyeusi, nzito, zina kufuli la kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyezigawa, kama mwanakamati. Nimejaribu kifaa cha buluu juu ya kadi ya Shangazi, kwenye foleni ya chai. Hakikulia. Shangazi akanishukuru kwa maua.

Lilinijia wazo la kumpigia Dada na kumweleza yote. Nikakaa nalo muda wa kutosha. Nikashika hata simu.

Nikampigia Mama Chipu. Nikamuuliza kama kadi hizi mpya zinanakilika. Akasema hapana, hizi hapana. Nikamuuliza tena.

Mara ya pili alisita kidogo.